Hotpoti ya Nyumba Mpya

Jumatatu, 3 Juni
Okumu kamaliza nyumba yake pale juu ya mawe, mbele ya kwangu, hapa Igogo. Jiko zima linasubiri vyombo! Lazima anunue kibandani kwangu. Nestory, wa kibanda cha jirani, naye anaitolea macho. Eti wakihamia atawapelekea sufuria yenye mchele ndani. Mjinga. Zawadi ni chombo, mchele ni hasara. Mimi nimewahi. Nimepeleka hotpoti, tupu. Sauti ya mwanamke kutoka ndani ikaniambia niweke mlangoni. Hata karibu hakuna!

Bibi Mhoja wa jirani kanikemea: ngosha, mwanaume wewe, nyumba mpya haipelekewi chombo kitupu, tia hata konzi ya mahindi, usiipelekee njaa. Nikampa shikamoo, nikaenda zangu.

Jumanne, 4 Juni
Hotpoti imerudi mlangoni kwangu. Ugali wa moto na dagaa! Chombo hakirudi kitupu, hawa ni watu wenye mila. Nimekula mpaka nikalegeza mkanda. Hellen, mke wangu, hakugusa. Anadai ugali unanukia unga wetu. Unga una jina? Nimepeleka ndoo. Tupu.

Jumatano, 5 Juni
Ndoo imerudi na maharage yaliyoungwa, imejaa pomoni. Mtaji sifuri! Ila gunia letu la maharage limenywea, na kamba yake haijaguswa. Hellen kaniuliza nauza kwa siri? Mimi! Namshuku Nestory.

Alhamisi, 6 Juni
Okumu kapita kibandani. Nikamsifia upishi wa kwake. Kanikodolea macho. Eti mkewe Akelo bado yuko Musoma, hakuna aliyehamia, ufunguo anao mfukoni, jiko halina hata kuni. Nestory akadakia: Venant, sasa wewe unalishwa na nani? Okumu akasema vyombo atachukua kwa Nestory. Dhuluma!

Jioni hotpoti ilikuwa mezani. Leo sikuipeleka popote. Ndani, supu ya kuku. Mtetea wa Hellen, anayelala jikoni, hayupo. Komeo halijaguswa.

Ijumaa, 7 Juni
Hellen kabeba watoto kwenda kwao Misungwi. Kasema leo kuku, kesho nani? Kanisihi twende wote, hata analia. Niiache nyumba niliyoijenga kwa kuuza visu barabarani? Nimekataa.

Jumamosi, 8 Juni
Nimepiga hesabu upya. Ile nyumba inapika vya kwangu, ndiyo maana sikuona faida. Lakini sasa! Unga umeisha, maharage yameisha, kuku hakuna. Humu ndani nimebaki mimi tu. Itajaza chombo kwa kitu gani? Kwa vya kwake!

Nimekokota sufuria kubwa kuliko zote, ile ya kupikia msibani. Tupu, bila shaka. Ile sauti imeniita kwa jina langu, ikanishukuru. Ikasema safari hii nimepatia kabisa saizi.

Hatimaye, mteja anayejua vyombo!