Gawio la Zamu la Feruzi Holding

Jumatatu, 5 Mei 2025
Siku mbaya. Wanahisa wamekuja. Wote watatu, bila kuitwa, wakati nakula.

Niandike wazi, maana historia itasoma. Feruzi Holding, hapa Kampemba, ni kinu cha mahindi, mashine ya kufyatua blocs za saruji na karakana ya soudure, ya kuchomelea vyuma. Mimi ndiye PDG, mkurugenzi mkuu. Wanahisa ni Mama Kapinga, jirani, anayeuza unga sokoni. Yassine, mdogo wangu, ndiye anayechomelea. Na Paulin, kaka wa mke wangu Delphine, wakala wa forodha mpakani Kasumbalesa, mtu wa kufunga tai hata kwenye jua kali. Wanataka gawio. Gawio! Kampuni hata miaka mitatu haijafikisha!

Nikawaeleza sera yetu. Faida haigawiwi, inarudi ndani. Kinu kinalisha blocs, blocs zinalisha soudure. Mvumilivu hula mbivu. Mama Kapinga akajibu: "Mbivu inaisha kuoza, Papa Feruzi."

Paulin ameitisha mkutano mkuu Jumapili. Anataka kiti changu, kisha auze kinu, anunue minibasi. Kinu changu! Nilikileta mwenyewe kutoka mpakani, nimelala juu yake kwenye lori, foleni haisogei, mvua inaninyeshea. Hakiuzwi. Waniuze mimi kwanza.

Jumanne, 6 Mei
Nimepata. Gawio la vitu! Nani alisema lazima liwe pesa? Kila tawi la holding lilipe kwa kile linachotengeneza. Nimeanza na Mama Kapinga. Blocs. Nyingi. Sawa, zilikuwa zimevunjika pembe, lakini bloc ni bloc. Nikazimwaga mbele ya lango lake alfajiri ili afurahi akiamka.

Hakufurahi. Lango lake linafungukia nje. Alikaa ndani na unga wake hadi saa nne, wateja wakaenda kwa mwingine. Yassine ndiye aliyemtoa. Mama Kapinga alikuja moja kwa moja ofisini kwangu, akaweka bloc moja mezani, akauliza: "Hii banakulaka?" Delphine alicheka mpaka akakaa chini. Mke wa PDG!

Shukrani ya punda ni mateke. Sijakata tamaa.

Alhamisi, 8 Mei
Yassine kaniuliza kwa nini gawio lisiwe kama likelemba ya sokoni. Kila mama anatoa chake, chote anapewa mmoja, mwezi ujao mwingine, mpaka wote wafikiwe. Mama Kapinga ndiye anayeiongoza na kushika mfuko. Sijasikia mtu akilalamika.

Yassine! Mtu asiyekumbuka alikoweka nyundo! Wazo ni langu, limepitia kwake tu. Gawio la zamu! Faida yote ya miezi mitatu kwa mwanahisa mmoja, wengine wangoje zamu zao. Anayetangulia atanipigia kura kwa mikono miwili. Swali limebaki moja. Nani atangulie?

Jumamosi, 10 Mei
Swali limejibiwa. Watangulie wote.

Jana baada ya msikiti nilimwambia Yassine kwamba zamu ya kwanza ni yake, damu ni damu, asimwambie mtu. Jioni nikampitia Mama Kapinga. Zamu ya kwanza ni yake, fidia ya lango, asimwambie mtu. Leo asubuhi nimemngojea Paulin arudi kutoka Kasumbalesa. Zamu ya kwanza ni yake, heshima ya ukwe. Alivua miwani, akaniita "shemeki yangu", akasema sasa anaona kwamba nina vision. Nilimwomba asimwambie mtu.

Kura tatu mfukoni! Ya Jumapili jioni tutayaona Jumapili jioni.

Jumapili, 11 Mei
Paulin alikuja baada ya misa, bado ana tai. Nikasoma sera. Makofi! Nikauliza kama kuna anayepinga. Hakuna. Nilikuwa karibu kulia kwa furaha.

Mama Kapinga akasimama kushukuru kwa zamu ya kwanza. Yassine akasimama kushukuru pia. Paulin alikuwa amekwisha kusimama. Wakatazamana, kisha wakanitazama mimi.

Nilijitetea. Nilisema kila mmoja wao ni wa kwanza moyoni mwangu. Haikusaidia. Paulin akaniita escroc, tapeli, akataka kinu kiuzwe leo leo. Aliyekataa ni Mama Kapinga: kinu hakiuzwi, yeye atasaga wapi? Kisha akanigeukia: "Ku likelemba yetu, mwenye kuahidi zamu moja kwa bantu batatu, anaendaka nyuma ya bote. Na mufuko hatashika tena."

Wakapiga kura. Yassine atangulie, Paulin afuate, kisha Mama Kapinga. Mimi wa mwisho. Na PDG mpya ni Mama Kapinga. Hata Paulin alimpigia. Hata Yassine, damu yangu!

Jumatatu, 12 Mei
Wanadhani nimeshindwa. Wasahau! Kinu kipo pale pale, kinanguruma. Sera ni yangu, neno kwa neno. Wenye migodi wa Kinsevere waje hapa wajifunze jinsi ya kugawa faida.

Mama Kapinga amenipa kazi ya kupanga foleni ya wanaokuja kusaga. Nimejiandikia kibao: Mkurugenzi wa Wateja.

Tatizo ni kwamba zamu yangu itafika mwakani, na mtu kama mimi hawezi kuanzisha holding ya pili kwa mfuko mtupu. Lakini nimewauliza akina mama wa sokoni: kwenye likelemba, mwenye shida anaweza kumuuzia mwenzake zamu yake. Hakuna anayekatazwa. Basi asubuhi nimemuuzia Paulin. Amelipa papo hapo, ameapa kunyamaza. Mchana Yassine akapita, uso umemshuka kwa aibu ya jana. Nimemsamehe, nikamuuzia na yeye. Mdomo wake ni kaburi.

Mama Kapinga anatoka sokoni jioni. Nitampitia.