Kigingi cha Asubuhi

Tarehe 3 Machi, Jumatatu

Wivu sina. Naandika hapa mwanzoni kabisa nisije nikaeleweka vibaya, ingawa daftari hili halisomwi na mtu ila mimi.

Leo shemeji kapigiwa makofi na kiwanda kizima. Shemeji, mdogo wa kike wa mke wangu, mshonaji wa vifuniko vya magodoro. Kazi hiyo nilimtafutia mimi. Mimi! Nilimbembeleza meneja mpaka midomo ikanikauka. Na wazo lenyewe? Kushonea mishikio ubavuni mwa godoro ili libebeke. Mishikio! Hata kikapu kina mishikio. Nani hakulijua hilo?

Wa kulaumiwa ni afisa utumishi mpya. Zamani afisa utumishi alishughulika na likizo, barua za onyo na kukuuliza kwa nini umechelewa. Kazi safi, inayoeleweka. Huyu mama kaja na mapya. Kila Jumatano mashine zinazimwa saa nzima watu wafikiri. Unaandika wazo kwenye kadi ya njano, unalitumbukiza sandukuni, jina huandiki. Anasema jina likionekana, wakubwa hutazama jina wakaacha wazo. Kadi ikipendwa, kichwa chake kinabandikwa ubaoni, mwenyewe anajitokeza kuieleza mbele ya watu. Na Ijumaa hii atamtangaza Kiongozi wa Ubunifu. Cheo! Ofisi yenye dirisha la kutazama nje! Mimi nina miaka kumi na moja stoo, na dirisha langu ni lile la kutolea sindano.

Wakati wa kula mke wangu kasema mdogo wake alikuwa na akili tangu utotoni. Nikamuuliza, na mimi je? Akaniambia nimsogezee chumvi.

Tarehe 4 Machi, Jumanne

Shemeji kaja dirishani asubuhi kuchukua uzi. Nikamwambia fomu yake haina sahihi ya msimamizi. Kaenda, karudi. Nikamwambia sahihi imetoka nje ya mstari. Kaenda, karudi. Nikamwambia niko chai. Nyuma yake foleni ya washonaji kumi na wawili, wanaguna. Wagune tu, utaratibu ni utaratibu. Saa nne kasoro ndipo nikampa uzi, mweupe, ingawa aliomba wa kijivu.

Akasema asante shemeji, akauliza na mgongo wangu unaendeleaje. Unafiki mtupu.

Tarehe 5 Machi, Jumatano

Saa ya kufikiri. Nimeikodolea macho kadi. Nikaandika kwamba watu wajitahidi zaidi. Nikafuta. Nikaandika magodoro yawe ya mviringo. Nikafuta. Nikamchungulia shemeji: kaiziba yake kwa mkono kama mtoto wa shule. Anaandika tu. Kajaza mbele, kageuza, anaendelea nyuma! Kidogo nizirai.

Zilipobaki dakika tano nikapata. Nimeandika kadi tatu, zote zikisema kwamba anayefaa kuongoza ubunifu ni mtu wa stoo. Ya tatu nimeiandika kwa mkono wa kushoto. Jina sikuweka, sheria nimeifuata.

Tarehe 6 Machi, Alhamisi

Kadi zangu hazikubandikwa hata moja. Ubaoni kuna kichwa kimoja tu: Kuondoa Kigingi cha Asubuhi. Afisa utumishi anamsubiri mwenyewe ajitokeze kabla ya saa kumi.

Kigingi nakijua. Ni kile cha chuma kwenye mlango wa kupakilia mizigo, mabaki ya lango la zamani. Kila asubuhi mikokoteni inakigonga. Na wazo ni la shemeji, naapa, maana juzi alikuwa anapiga soga na wapakiaji pale pale.

Mchana nikajibanza nyuma ya marobota kumvizia. Kaja, kasoma ubao, katazama upande wa stoo, kaondoka kichwa chini. Saa saba, hajajitokeza. Saa nane, kimya. Saa tisa, kimya. Lo! Kaogopa! Mishikio imemmaliza nguvu.

Saa tisa na nusu nikaenda kwa afisa utumishi nikamwambia kadi ni yangu. Akauliza kama nina hakika. Nikasema jambo hili nimelifikiria kwa miaka. Akavua miwani, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema ujasiri wa namna hii hajapata kuuona. Kisha akauliza kama nimeshauriana na mke wangu. Nikamwambia mke wangu haingilii mambo ya vigingi.

Nimerudi nyumbani kifua mbele. Ofisi ile nitaweka pazia la bluu.

Tarehe 7 Machi, Ijumaa

Sitaki kuandika. Naandika.

Bwalo lilijaa mpaka milangoni. Nikaanza kwa kusema kigingi hiki kimekaa pale miaka na miaka, na hakuna anayekumbuka nani alikiweka wala kwa nini. Watu wakacheka. Nikapata moto. Nikasema kila asubuhi watu wanakuja na haraka zao, wanakwamia hapo hapo, kazi inalala. Makofi! Nikasema kimezeeka, kimepinda, kimeota kutu, na ukikisogelea ni kukukera tu. Washonaji wakashika mbavu. Fundi mashine akakaa sakafuni. Shemeji peke yake hakucheka, alijifunika uso kwa leso. Nikasema moyoni, roho inamuuma. Nikamalizia kwa sauti ya juu kwamba king'olewe leo leo, na hakuna hata mtu mmoja atakayekikumbuka. Bwalo zima likasimama.

Afisa utumishi akajifuta machozi, akasema sasa ataisoma kadi yenyewe. Akasoma kwamba kila asubuhi washonaji wanapoteza saa nzima dirishani kwa mtu wa stoo. Kwamba uzi na sindano viwekwe kwenye rafu wazi, kila mmoja achukue na ajiandikie. Kwamba dirisha lifungwe. Akageuza kadi. Nyuma ilisema mtu wa stoo si mtu mbaya, hakuna anayekijua kiwanda kama yeye, atafutiwe kazi nyingine atakayoifurahia.

Yaani kigingi ni mimi, na bwalo zima lilijua.

Afisa akasema tangu aanze kazi hajaona mtu akiomba meza yake mwenyewe ifutwe. Hapo nikaruka. Nikapaza sauti kwamba kadi si yangu, ni ya shemeji, mimi simo! Kosa kubwa. Vichwa vyote vikamgeukia. Mawazo mawili katika wiki moja! Kiongozi wa Ubunifu akapatikana pale pale, kwa ushahidi wangu mimi mwenyewe. Na dirisha wakalifunga vile vile. Wamelipigilia misumari saa tano, fundi mashine anacheka mpaka nyundo inamponyoka.

Tarehe 10 Machi, Jumatatu

Jana shemeji kaja nyumbani. Kaomba radhi. Kasema alinyamaza kwa sababu aliona aibu kunitaja mbele za watu, na alikuwa amekwisha kwenda kuomba kadi ile iondolewe, bila kusema ni yake, akaambiwa mwenyewe kajitokeza. Akauliza ni nani, akatajiwa mimi. Akanyamaza tena, nisiumbuke. Anaruhusiwa kuchagua msaidizi mmoja katika kiwanda kizima, na kanichagua mimi. Kasema yote yamekwisha, amenisamehe.

Mke wangu kalia. Kasema hajaona mtu mwenye moyo safi kama mdogo wake. Karudia mara tatu. Moyo wangu haukutajwa.

Usiku kucha sikulala sawasawa. Mishikio yake, sawa. Rafu wazi, sawa. Ofisi achukue. Lakini sasa anataka kunishinda mpaka kwa kusamehe! Nani kamwambia mimi siwezi? Asubuhi hii nimemwomba afisa utumishi anipe dakika tano mbele ya wafanyakazi wote, saa ya chakula. Nitasimama bwaloni nimsamehe shemeji hadharani, kwa machozi, kuliko alivyonisamehe yeye. Hotuba iko tayari mfukoni. Kosa lake tu ndilo bado sijaamua ni lipi.