Jumba la Gusa Kila Kitu

Jumatatu, 3 Machi
Miaka ishirini na miwili nimelinda makumbusho ya zamani kwa neno moja: USIGUSE. Leo nimekabidhiwa ukumbi wa vyombo kumi na viwili katika jumba jipya la sayansi, na mlangoni wamebandika: GUSA KILA KITU. Wazimu! Mkurugenzi akanivuta pembeni. Eti Alhamisi watoto wa shule wanakuja kujaribu vyombo. Kimoja kikivunjika, kitambulisho changu mezani kwake. Watoto mia mbili. Mikono mia nne!

Jumanne, 4 Machi
Shemeji, mdogo wa mke wangu, ndiye fundi umeme wa jumba. Mkosi! Kanikuta nikiifunga roda ya kuinulia mizigo kwa waya isizunguke. Kacheka hadi bisibisi ikamdondoka. Akataka kujua kama nyumbani pia huwa nawafungia watoto vijiko. Nikamjibu: tahadhari kabla ya hatari. Akasema hatari ikiniona mimi itapisha njia yenyewe. Nikaendelea kukaza waya. Si kwa kushindwa.

Jumatano, 5 Machi
Mbinu! Kilichokwisha kuharibika hakivunjwi. Nimechomoa nyaya zote, nimeandika vibao kumi na viwili: KIMEHARIBIKA. Usalama mtupu. Saa nane mchana Mkurugenzi akapita, akasoma kibao kimoja baada ya kingine. Mshipa wa shingo ukamtutumka. Akauliza nani kafanya haya. Ulimi ukanitangulia: labda fundi umeme... Akasema ukweli atautafuta kesho, kabla ya watoto kuingia. Mke wangu akijua nimemsingizia mdogo wake, nitahamia wapi?

Alhamisi, 6 Machi
Alfajiri nimepata dawa: shahidi. Saa mbili asubuhi nikamvuta mama msafishaji ndani ya kuba, ukumbi wa kuonyeshea nyota. Viti bado havijafungwa, pazia la picha bado, taa bado: giza. Ukuta mtupu wa mviringo. Wiki jana shemeji alinionya kwamba humo mnong'ono hutambaa ukutani ukatokea ng'ambo. Nilimwambia hizo ni porojo za mafundi. Basi nikainamia ukuta, nikanong'ona: nyaya nimechomoa mimi, lakini yeye aseme alimwona shemeji. Mama akaniomba nirudie, sikio lake la kushoto zito. Nikarudia.

Ukuta ukakohoa.

Kisha ukasema, kwa sauti ya Mkurugenzi, kwamba mara ya kwanza ilitosha. Ng'ambo ya kuba alikuwa amesimama na shemeji pamoja na walimu watatu, akiwaonyesha jinsi sauti inavyosafiri. Walimu wakapiga makofi!

Ijumaa, 7 Machi
Sikufukuzwa. Shemeji ameniombea, eti nikishinda nyumbani dada yake ataugua. Wema wake unanitisha kuliko hasira za Mkurugenzi. Nyaya alizirudisha kwa nusu saa. Watoto waligusa kila kitu, wakavunja kimoja tu: kiti changu. Ukumbi nimenyang'anywa, kuanzia leo kazi yangu ni kuwaonyesha wageni mnong'ono wa kuba. Mke wangu tangu jana anapanga sahani polepole mno. Naogopa.

Lakini njia ya kurudishiwa ukumbi wangu nimeshaipata, na haina kasoro. Nimemwomba mama msafishaji tuonane kesho, faraghani, nimweleze. Ndani ya kuba. Safari hii tutanong'onea upande wa pili.