Kamati ya Kutuliza Nyanya

Kwa furaha isiyo kifani, taifa la Misri lilitangaziwa kwamba sababu ya nyanya kupanda bei imepatikana. Si jua kali, si dizeli, wala si ile miezi ambayo mavuno ya zamani yamekwisha na mapya hayajaiva. Ni matusi. Tangu enzi za babu zao wachuuzi wa Kairo huzinadi nyanya kwa kuziita kichaa, maana bei yake leo iko hapa, kesho iko kule. Dakta Bahgat, mwenyekiti wa kamati yetu, aliuliza swali ambalo hakuna mkulima aliyewahi kuliuliza: ni nani atakayeitwa kichaa kila asubuhi akabaki na akili timamu?

Sheria ikapita. Nyanya zikaamriwa kunadiwa kwa jina la Tulivu, na joto likafutwa rasmi katika sababu za bei kupanda. Nililifuta mimi, katibu, na bado najivunia. Wakati huo mavuno ya majira ya baridi yalikuwa yamefurika sokoni. Bei ikaporomoka, na Dakta akaenda kwenye televisheni kupongezwa.

Agosti, katikati ya kiangazi cha Misri, maua ya minyanya yakakauka na kudondoka, bei ikapaa. Kamati ikasaka mhalifu, ikampata katika mtaa wa Imbaba: Shalabiya, mjane mwenye mkokoteni, aliyesikika akinadi kichaa. Alijitetea kwamba ulimi umezoea. Tukauzuia mkokoteni wake mpaka bei itulie.

“Na wanangu wale nini, bwana mkubwa?”

Dakta alimshauri awe na subira.

Bahati mbaya, Waziri alialikwa harusini na saladi ikaja bila nyanya. Akamwita Dakta, ambaye alianza kueleza habari za hali ya hewa.

“Si ulisema bei uliishusha wewe kwa mdomo wako?” Waziri akamkatiza. “Basi nenda Fayum ukaongee na maua. Usirudi mpaka bei itulie.”

Tulimsimamisha katikati ya shamba, na suti yake na kipaza sauti. Alikuwa ameshakauka midomo Shalabiya alipomfuata huko kudai mkokoteni. Dakta akamweleza kwamba hana uwezo, maana yeye mwenyewe amezuiwa.

Shalabiya akafungua mwavuli, akakalia kreti tupu. Dakta akamwomba, kwa sauti ndogo sana, amgawie kivuli.

“Kivuli cha nini, bwana mkubwa?” mama akamuuliza. “Joto si mlishalifuta?”