Wapenzi Wawili na Mimi, Nafplio

Alhamisi, 9 Septemba

Leo naanza, na naapa kueleza yote, hata yale yanayoniaibisha. (Hayo ni machache.) Daftari hili ni siri kwa kila mtu isipokuwa wewe, Dada Thalia, kwa kuwa uko Ioannina unasomea uuguzi na hakuna anayekuambia lolote. Nikimaliza nitalituma kwa posta.

Habari yenyewe: kesho Baba na Mama wanakwenda Nafplio. Wawili tu! Siku tatu! Bila mimi!

Sababu unaijua. Argiris, binamu yake Baba, bado anamwita Dusseldorf, Ujerumani, akapike katika mgahawa wake. Anataka jibu Jumatatu. Tangu duka lake la fremu za picha lifungwe, Baba hukaa roshani akiitazama simu kana kwamba itamuuma. Mama anasema haendi mtu. Baba anasema hakusema anakwenda. Mama anasema wala hakusema haendi. Wiki tatu hivyo, Dada. Supu inapoa, wao wanabishana juu ya yale ambayo hawakuyasema. Juzi wakaafikiana jambo moja: wataamulia Nafplio, kwa sababu huko ndiko Baba alikomposa Mama.

Mimi sitaki Baba aende. Nimeliandika mara moja ili lieleweke. Sitalirudia, kwa sababu linaniliza na karatasi hii ni nyembamba.

Sasa fikiria. Baba, mtu ambaye akitaka kumsifu Mama husema "chumvi imetosha", aachiwe siku tatu za mapenzi peke yake? Anahitaji msaidizi! Lakini wamenipangia kulala kwa Bi Stamatia wa ghorofa ya pili, ambaye hupika dengu kila siku na hufunga madirisha yote asije akapigwa na upepo shingoni. Mwezi wa Septemba!

Na bado. Jumamosi ni siku ya somo wa Mama, Mtakatifu Evanthia, ambayo kwetu ni kubwa kuliko siku ya kuzaliwa. Kila mwaka nyumba yetu hujaa tangu saa nne asubuhi. Hakuna anayealikwa na hakuna anayekosa. Mwaka huu Mama amewatangazia watu wote kwamba tutakuwa Volos, mbali kabisa. Volos! Hata Mama mkubwa Asimina, dada yake wa tumbo moja, ambaye anakaa Argos, robo saa tu kutoka Nafplio! Nikamwuliza Mama kama huo si uongo. Akasema huo ni utulivu. Kisha nikaambiwa nifunge mdomo.

Watakatifu wanadharauliwa katika nyumba hii. Nimekasirika hata biskuti haipiti.

(Imepita.)

Ijumaa, 10 Septemba

Ushindi! Asubuhi nilishuka kwa Bi Stamatia nikamwuliza kwa adabu kama ana kitana cha chawa. Nilimwambia tu kwamba kule kambini tulikopelekwa Julai kulikuwa na chawa. Ni kweli, walikuwapo. Walikuwa wa Fotini, mwenzangu wa chumba. Sikusema ni wangu, naye hakuuliza. Kabla ya saa tatu alipanda kwetu akiwa amejifunga kitambaa mpaka kwenye nyusi, akamwambia Mama kwamba anatupenda sote, ila kwa mbali.

Basi nimechukuliwa. Lakini malipo yake! Mama amenisugua kichwa kwa siki, mara mbili, huku Baba anapiga honi chini. Nilipojitetea kwamba sina hata chawa mmoja, Mama akasema vizuri, siki inatibu pia ujanja. Uonevu mtupu. Nimesafiri saa mbili nikinuka kama kachumbari.

Garini kimya. Tulipopita Korintho nikaona niwachangamshe, nikamwomba Baba asimulie siku aliyomposa Mama. Si kosa langu! Nani angejua? Baba akasema ilikuwa gatini, jua linazama, mbele ya ile ngome iliyo majini. Mama akasema ilikuwa juu Palamidi, kwenye ngome ya mlimani, baada ya ngazi zote mia tisa tisini na tisa, mchana, naye alikuwa na lengelenge kwenye kisigino. Baba akashikilia gatini. Mama akamwuliza huko gatini alikuwa na mwanamke gani, tumjue. Mpaka tunaegesha gari hawakusemezana tena.

Miaka ishirini na mmoja ya ndoa, na hawajui walianzia wapi! Mwalimu wetu wa historia angewarudisha darasa.

Chumba ni kizuri sana, kwa watu wawili. Kina boganvilia dirishani na kitanda kikubwa chenye mito minne. Mwenye nyumba, Bi Kalomira, aliniletea kitanda cha kukunja akakitega kati ya kile kikubwa na mlango wa roshani, hivyo kwamba mtu akitaka kuutazama mwezi sharti aruke miguu yangu. Akamtazama Baba, akamtazama Mama, akanitazama mimi, akanusa. Akauliza kwa upole kama tumekuja na mboga zetu.

Jioni tulitembea. Wao mbele, mimi nyuma hatua kumi, kwa heshima. Kila nilipoona mikono yao imeachana mno nilikohoa, kumkumbusha Baba. Mara ya nne akageuka akaniuliza kama nimepaliwa. Hajui lolote mtu huyu!

Jumamosi, 11 Septemba, mchana

Siku yenyewe. Tulikwenda kanisani mapema, Mama akawasha mshumaa. Baada ya hapo, hakuna. Simu yake ameizima, kwa sababu akipokea tu ataulizwa yuko wapi watu waje. Waliomtakia "miaka mingi" ya sikukuu ni sisi wawili na Bi Kalomira. Uwanjani, wakati wa kahawa, nilimwona akiitoa ile simu iliyozimwa, anaitazama, anairudisha mkobani. Uso umekuwa mdogo. Baba naye anakoroga kahawa ambayo tayari ameinywa.

Nikajiambia: mwanamke anayejiona amesahauliwa na dunia hana nguvu za kumwambia mumewe abaki. Hiyo ni mantiki, tumesoma.

Nikaomba ruhusa ya kwenda kununua aiskrimu. Karibu na pale kuna kibanda cha magazeti chenye simu. Nikampigia Mama mkubwa Asimina. Naomba ukumbuke, Dada, kwamba nilitaka salamu tu! Salamu ya dakika moja, kwa simu ya Bi Kalomira, jioni. Nikampa na namba. Mama mkubwa akasema namba hii mbona ni ya huku kwetu, Volos imehamia lini? Nikaanza kusoma vichwa vya magazeti. Akasema, "Krinio mwanangu, mbele ya Mungu, mko wapi?"

Nimefundishwa nisimdanganye mtu mzima anayeniuliza mbele ya Mungu. Tena aliyenifundisha ni yeye!

Hakukasirika hata kidogo. Alisema, "Vyema, mwanangu, vyema kabisa," kwa sauti tamu sana. Akauliza kama tumekula. Nikamwambia tutakula saa nane, gatini, kwa yule mwenye viti vya buluu. Akasema tule vizuri.

Nimerudi na aiskrimu ya pistachio. Nadhani nimefanya jambo jema, na kimyakimya.

Jumamosi, jioni

Nina hasira hata sitaki kuandika, lakini niliapa.

Saa nane na robo. Tumekaa gatini, pweza wa kuchoma yuko mezani. Baba amevaa shati lake jeupe. Ghafla akasukuma mkate pembeni, akaushika mkono wa Mama. Mwenyewe! Sikukohoa! Akasema, "Evanthia, kuhusu Ujerumani, mimi nimefikiri kwamba..."

"MIAKA MINGI!"

Kumi na saba, Dada. Mama mkubwa mbele na sanduku la keki lenye utepe, mumewe Panagos nyuma yake na jingine kubwa zaidi, na nyuma yao Argos nzima na maua yao, mpaka yule bibi asiyesikia. Waliunganisha meza sita. Watalii wawili wakasukumwa na viti vyao mpaka karibu na maji. Mama mkubwa akambusu Mama mashavu yote mawili, akamwuliza upepo wa Volos ukoje mwaka huu.

Mama akanitazama. Mimi nikamtazama pweza.

Na sentensi ya Baba haikuisha! Amefikiri kwamba nini? Nilimnong'oneza anieleze upesi. Akasema nile.

Kisha Mama mkubwa akaanza. "Shemeji Iakovos, tunasikia unatukimbia! Mwanamume gani anayeacha mke na watoto akaenda kuwakaangia viazi Wajerumani? Marehemu baba yetu aliuza machungwa miaka arobaini, hakulala nje ya Argos hata siku moja." Panagos akasema alilala, alipokuwa jeshini. Akaambiwa anyamaze, ale. Bibi asiyesikia akauliza nani amekufa.

Baba alikaa tu, masikio mekundu, anakunja kitambaa cha mezani kikazidi kuwa kidogo. Nilitaka kulia. Nilikuwa nimemletea haya mimi... nasema, yalikuwa yameletwa na Mama mkubwa.

Hapo Mama akaweka uma chini. Mama yuleyule wa zile wiki tatu!

"Asimina," akasema, "huyu ni mume wangu, si ngoma ya kupigwa na kila apitaye. Akienda, tumeamua wote wawili. Akibaki, tumeamua wote wawili. Wewe kula keki."

Hata watu wa meza za jirani waligeuka. Baba alimtazama Mama kana kwamba ndiyo kwanza ameingia. Kisha wote wawili wakasimama wakasema wanakwenda kutafuta viti viwili vya ziada.

Hawakurudi!

Muda wa saa mbili unusu! Mwenye sikukuu ametoroka, na wageni hawaachwi bila kukirimiwa, hata mtoto mdogo anajua. Nani alibaki akirimu? Nilikata keki mbili. Nilibeba maji. Nilipokea "miaka mingi" kumi na saba kwa niaba ya Mama na kushukuru moja moja. Nilieleza mara nne kwamba harufu ile ni siki. Nilipiga kelele katika sikio la bibi kwamba hajafa mtu, akasema Mungu amlaze pema. Panagos alinifundisha kutambua chungwa lenye maji mengi. Sikutaka kujua!

Mwishoni ni huyohuyo Panagos aliyenyoosha uma juu. Kule kwenye ngazi za Palamidi, juu sana, penye jua kali, shati jeupe na gauni la njano wamekaa kwenye ngazi moja. Bega kwa bega. Hakuna viti kule! Hawakuwa wanatafuta viti!

Mama mkubwa akakinga jua kwa mkono, akatazama, akasema kwa kuridhika kwamba hao walihitaji kusukumwa kidogo tu, na Mungu alimtuma yeye.

Yeye! Nani alipiga simu?

Jumapili, 12 Septemba

Hawakusema kitu jana. Walishuka jioni na shingo zimeungua, Baba anachechemea, Mama amebeba viatu mkononi, wanacheka kama wanafunzi walioruka ukuta. Nilipouliza mmeamuaje, Mama akasema wataniambia nikiwa mahali pasipo na simu.

Basi nimeambiwa leo, garini, baada ya Korintho. Baba haendi. HAENDI, Dada! Atatengeneza fremu nyumbani, katika ile stoo yenye baiskeli zetu. Kumbe wiki zote hizo alikuwa anangoja Mama amwombe abaki, na Mama alikuwa anangoja aseme mwenyewe kwamba hataki kwenda. Watu wazima! Na mimi ndiye ninayeambiwa nikue.

Nililia kidogo, nimejifunika kofia, hawakuona. Kisha nikangoja nishukuriwe.

Sikushukuriwa. Badala yake nilipewa hukumu: mwezi mzima bila aiskrimu, na barua ya kumwomba radhi Bi Stamatia, kwa mwandiko mzuri. Ati niliwaharibia chakula cha mchana. Nikamwuliza Baba, basi anieleze, pale gatini alikuwa amefikiri kwamba nini? Akaona haya. Akasema alikuwa amefikiri kwamba wangoje kwanza wanywe kahawa.

Kahawa! Umesikia? Kama nisingepiga simu wangekunywa kahawa, halafu maji, halafu kahawa nyingine, na leo Baba angekuwa anapanga soksi za baridi. Nimewaeleza hivyo kwa utulivu, hoja kwa hoja, kutoka Korintho mpaka mlangoni. Mama akafungua redio.

Jumatatu, 13 Septemba

Shule imefunguliwa. Padri ametunyunyizia maji ya baraka, mengi yameangukia daftari hili, nisamehe kwa wino uliosambaa. Baba amempigia Argiris akamweleza mwenyewe. Argiris hakununa. Sasa Baba yuko stoo anapiga misumari, na Mama anaimba jikoni, vibaya.

Ningekuwa nimemaliza hapa. Lakini kuna dhuluma mpya.

Nimewasikia, mlango ulikuwa wazi kidogo. Wanataka kwenda tena! Safari hii Galaksidi, mwezi ujao, tarehe ishirini na tatu, wawili tu, na wameapiana kwamba hatajua mtu. Nikaitazama kalenda. Dada, tarehe ishirini na tatu Oktoba ni siku ya somo wa Baba, Mtakatifu Iakovos! Baba, aliyeponea chupuchupu kwenda ughaibuni, akae siku yake mbele ya sahani ya samaki bila hata nafsi moja ya kumwambia "miaka mingi"? Nani atamtetea kama si mimi?

Kwa hiyo naomba jambo moja dogo, na nijibu kwa posta ya kwanza: yule mjomba wa Baba aliyekuwa baharia, si alioa Galaksidi? Na namba yake ya simu ni ipi?