Siku Makarasha ya Jilala Yaliponyamaza

Wewe uliyelishika daftari hili, nakusihi kwa unyenyekevu: soma kimya kimya, bila kuchezesha midomo, kisha lifunge. Usimwambie mkeo. Usimwambie mumeo. Zaidi ya wote, usimwambie mtu yeyote anayeendesha bodaboda. Maneno ya humu yanaweza kunifukuzisha kazi, na yale ya Jumatano yanaweza kunipigisha.

Jumatatu, 16 Juni 2025

Barua imefika. Mkaguzi wa ithibati anakuja Alhamisi! Anaitwa Bi. Mwahija, anatoka Dar, na ataketi ndani ya chumba cha mtihani atutazame. Nimeirudia barua mara nyingi nikitumaini itabadilika. Wapi.

Nieleze kwa mpangilio. Kituo chetu hapa Katoro kinatahini wachambuzi wa mitetemo, yaani mafundi wanaobandika kipimo kwenye mashine inayozunguka na kusema inaumwa nini kabla haijavunjika. Migodi inawagombania. Lakini cheti chetu kinaaminika kwa sababu moja tu: kuna watu wanaotukagua sisi tunaowatahini wengine. Wakituondolea ithibati, cheti chetu ni karatasi nzuri ya kufungia maandazi. Na mkataba wangu wa majaribio unaisha mwezi huu. Mkuu wa kituo, Mzee Magesa, kasema waziwazi: ithibati ikibaki, nami nabaki.

Tatizo ni Jilala, jirani yetu. Ana makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu, ukuta kwa ukuta na chumba cha mtihani. Yakiwaka, kikombe cha chai kinatembea mezani chenyewe. Na jengo hili nililichagua mimi! Mimi ndiye niliyeandika kwenye maombi yetu kwamba mazingira ni tulivu kabisa. Nilikuja kulikagua siku ya Jumamosi. Jilala ni Msabato. Kulikuwa kimya, ungesikia kuku akiwaza.

Karani mwenzangu, Noela, amesema niende tu nikamwombe Jilala azime kwa asubuhi moja. Noela haogopi mtu. Ndiyo maana hanielewi.

Nikaenda. Jilala akanipokea vizuri mno: mwangaluka, keti ng'wanone, keti mwanangu, una shida gani? Nikasema nimekuja kumsalimia tu. Akaniletea maziwa ya mgando. Akauliza kama kelele zake haziwasumbui wasomi. Nikajibu hata kidogo, tunazipenda, zinatuchangamsha. Akafurahi sana. Anasema ataongeza karasha jingine.

Jumanne, 17 Juni

Usiku nimepata akili mpya. Kama siwezi kumzima Jilala, nitaizuia mitetemo yake isiifikie mashine yetu ya mtihani. Mpira! Mpira humeza mitetemo. Nimelisoma hilo chuoni, na nililijibu vizuri.

Nikakusanya matairi ya bodaboda yaliyochakaa, nikayapanga chini ya mashine, nikaita watu waone. Mzee Magesa akaja, na mtahini wetu, Mhandisi Charles, na Noela akiwa na simu tayari kupiga picha. Nikawasha.

Mashine ikadunda. Ikadunda tena. Halafu ikaondoka. Ilimfuata Mzee Magesa hadi mlangoni, na ingemfuata hadi barabarani kama waya wa umeme usingechomoka.

Charles akapima, akasema kwa masikitiko kwamba sasa ina ugonjwa usiokuwemo vitabuni. Noela akauliza kama tunaweza kuisajili kama bodaboda. Mzee Magesa aliniangalia kama mtu anayehesabu siku zilizobaki kwenye mkataba wa mwenzake.

Tumeirudisha mashine kwenye msingi wake. Charles ameifunga barabara, nami nimeyarudisha matairi nilikoyatoa, huku watoto wakinifuata wakinguruma mdomoni kama injini.

Jumatano, 18 Juni

Usimwambie mtu.

Asubuhi niliamka na hofu. Nikawaza: ni kitu gani kinaweza kulizima karasha Katoro, mchana kweupe, siku ya kazi? Mgomo haujawahi. Msiba, wanazima nusu saa. Kitu pekee kinachowatoa watu wa hapa mbio, na majembe begani, ni rashi. Mtu akisema dhahabu imeonekana mahali, mji unahama. Wachimbaji wakihama hakuna mawe ya kusaga. Na Jilala mwenyewe, kama ninavyomfahamu, hawezi kubaki.

Sijawahi kusema uongo mkubwa. Niliufanyia mazoezi chooni. Kisha nikaenda kijiweni, nikamvuta pembeni Maduhu, dereva wa bodaboda anayejulikana kwa usiri wake, maana siri zote za mji ziko kwake. Nikamshika mkono. Nikamwapisha. Nikamnong'oneza kwamba dhahabu imetoka Ushetu, ardhini juu juu tu, unafukua kwa mkono.

Akauliza wapi hasa. Sikuwa nimejiandaa kwa hilo! Kule Ushetu najua shamba moja tu, la tumbaku, la mjomba wangu Akida. Nikalitaja.

Maduhu akaapa hatamwambia hata mama yake. Sikuwa nimefika ofisini, mama yake akanipita amebeba jembe.

Kufikia alasiri mtaa ulikuwa mweupe. Mama anayetupikia wali kafunga. Kinyozi kamwacha mteja amenyolewa upande mmoja. Saa tisa na dakika kadhaa, karasha la kwanza likakohoa na kufa. Likafuata la pili. Halafu la tatu. Nikamwona Jilala akipanda lori na wafanyakazi wake. Akanipungia mkono kwa upendo.

Kimya! Nimekaa kwenye chumba cha mtihani peke yangu na kikombe cha chai. Hakikusogea. Nimetokwa na machozi kidogo.

Alhamisi, 19 Juni

Sijui nianzie wapi.

Bi. Mwahija alifika mapema, mpole, miwani mikubwa, kalamu ya kijani. Shikamoo yangu ilitoka mara mbili. Akasikiliza kidogo, akasema kweli mazingira ni tulivu. Nikaona malaika.

Kisha akaomba kuonana na mkuu wa kituo. Simu yangu ikaingiza ujumbe: Mzee Magesa amefiwa na bibi yake huko Ushetu. Akaomba kuonana na mtahini. Simu ikalia tena: Mhandisi Charles naye amefiwa na bibi. Naye Ushetu. Bi. Mwahija akasema pole sana, wamepatwa na msiba mzito, akaandika kitu kirefu kwa kijani.

Akauliza watahiniwa wako wapi. Walikuwa waje wanane. Amekuja mmoja, Paskalia, fundi kijana wa mgodini, ambaye alizima simu tangu juzi ili asome. Yeye peke yake katika wilaya nzima hakusikia habari. Nikamwonea wivu.

Bi. Mwahija akasema huyu aliyefika asiadhibiwe kwa ajili ya wasiofika. Jibu si limefungwa kwenye bahasha tangu mwanzo wa mwaka? Basi Noela asimamie, na yeye atashuhudia. Paskalia akabandika kipimo kwenye mashine. Akatazama kompyuta. Akabandika upande wa pili. Akakaa chini. Akabandika tena. Mwisho akaanza kulia.

"Nimeshindwa, jamani. Mimi naiona nzima. Haina ugonjwa wowote!"

Noela akafungua bahasha ya jibu, kwa mkono wa Charles: bolti za msingi zimelegea. Paskalia akazidi kulia. Bi. Mwahija akavua miwani, akaomba spana.

Bolti zilikuwa zimekazwa. Noela, anayefungua soda kwa meno, alizivuta kwa nguvu zake zote, hazikusogea. Nikasema upesi kwamba Charles alizikaza juzi, baada ya, baada ya usafi. Bi. Mwahija akauliza kama kabla ya usafi zilikuwa zimelegea. Noela akajibu hapana: tulipozifungua Jumanne tulitumia spana iliyochomekwa bomba na watu wawili, kwa sababu ya kutu.

Ndipo ilipoeleweka, polepole, kama mtu anayetambua kwamba amekaa juu ya miwani ya baba mkwe. Charles, aliyepaswa kuitia mashine ugonjwa kwa makusudi, hakuwahi kulegeza kitu. Alipima mashine siku ya kazi, Jilala akisaga ng'ambo ya ukuta, akaona mtikisiko, akaandika ni bolti. Na kila mtahiniwa wa mwaka huu aliyeuona mtikisiko uleule akaandika bolti, akafaulu. Tumewapa vyeti watu wote waliomgundua Jilala!

Bi. Mwahija akauliza: Jilala ni nani?

Noela, ambaye alishanibaini bila kuambiwa, aliniambia baadaye, taratibu, kama anayemwambia mgonjwa, kwamba ningekaa kwangu bila kufanya lolote, makarasha yangesaga na jibu lingelingana.

Ijumaa, 20 Juni

Uamuzi: ithibati imesimamishwa miezi mitatu. Watu wote waliopata cheti mwaka huu warudie mtihani bure. Mtahini mpya atoke nje ya kituo. Paskalia amefaulu, wa kwanza wa kweli katika historia ya kituo. Amecheza uani.

Bi. Mwahija alikuwa akimalizia kuandika, lori likafunga breki nje. Jilala huyo, matope hadi kiunoni. Na nyuma ya lori, koleo begani na majani ya tumbaku kichwani, Mzee Magesa. Alishuka uso kwa uso na mkaguzi. Bi. Mwahija akampa pole ya bibi. Akauliza kama wamemzika vizuri. Mzee Magesa akatazama koleo, akasema wamejitahidi.

Kisha Bi. Mwahija akamsalimia Jilala na kumwomba, kwa sentensi moja, azime makarasha siku za mitihani. Jilala akashangaa sana. "Kumbe ni hilo tu? Huyu kijana kanywa maziwa yangu kikombe kizima, akaniambia anazipenda kelele zangu! Na mbona msifanye Jumamosi? Jumamosi mimi niko kanisani."

Wote wakanigeukia. Nilitazama kikombe changu.

Lakini sikufukuzwa! Mzee Magesa hawezi kunifukuza bila kueleza alikuwa wapi. Ameniongezea miezi mitatu niandae marudio ya mtihani, kuanzia Jumatatu asubuhi bila kukosa. Ila ameapa akimjua aliyezusha habari ile ya Ushetu atamsaga kwa makarasha yote. Nikasema na mimi nitamsaidia.

Jioni kapiga mjomba Akida. Umati umejaa shambani, wamechimba hadi chini ya bani lake la kukaushia tumbaku, na kila mtu anamuuliza choo kiko wapi. Je, nimesikia lolote huko Katoro? Nikasema mtandao unakata.

Jumapili, 22 Juni

Nimeokoka. Nimeapa: sitapanga tena mpango wowote. Mtu mwenye shida aseme shida yake. Basi.

Baadaye, siku ileile. Maduhu amerudi kutoka Ushetu. Kanivuta pembeni, kanishika mkono, kaniapisha. Kaninong'oneza kwamba dhahabu imetoka kweli, juu juu tu, unafukua kwa mkono.

Nikamwambia najua kwamba si kweli. Akauliza nimejuaje.

Nimefikiri sana. Ndiyo, habari nilianzisha mimi. Lakini watu wote wale hawawezi kudanganywa na mimi. Mimi sina uwezo huo, hata Jilala nilishindwa kumwomba azime mashine. Kama wanaendelea kuchimba, basi kuna kitu. Na shamba ni la mjomba wangu! Nani ana haki kuliko mimi?

Nimenunua koleo. Nimemwandikia Mzee Magesa ujumbe kwamba kesho sitakuja, bibi yangu amefariki ghafla Ushetu.

Ukinihitaji, usipige namba ya ofisi; Noela ndiye anayepokea. Panda gari la Kahama, kisha ulizia la Ushetu. Ukifika shamba la Akida, utayakuta maduara mengi, yaani mashimo ya wachimbaji; langu litakuwa la nyuma ya bani, lenye matairi ya bodaboda kuzunguka mdomo, nimeyawaza mwenyewe, yatazuia mitetemo. Ita jina langu, Nuru, mara moja, kwa sauti ndogo. Njoo peke yako na usimwambie mtu. Usipoiona njia, Maduhu anaijua.