Nilivyomwamkia mama mkwe nikiwa chini ya baiskeli

Jamani, leo nimeaibika mchana kweupe. Tena mbele ya mkwe.

Mnajua tangu mwezi jana nina zile pedali za kunasa. Kiatu kina chuma kidogo chini, ukikanyaga pedali, ta! kimeshika. Kutoka, unasukuma kisigino kwa nje. Rahisi. (Ukiwa umekaa kwenye kiti unasimuliwa.)

Mwanzoni niliogopa sana. Marwa, rafiki yangu tunayeendesha naye Jumamosi, alinifundishia kwenye nyasi kule Nyakato: mkono ukutani, nasa, nasua, nasa, nasua, mpaka majirani wakadhani nina mapepo. Nilikuwaga naanguka kila nikitaka kusimama. Marwa akasema, "Wewe unasubiri baiskeli isimame ndo ukumbuke mguu. Toa mguu ukiwa bado unatembea!"

Wiki ya tatu nikaacha kuanguka. Nikajiamini. Nikanunua na kaptula ya kubana. (Hapo ndipo shetani alipoingia.)

Leo asubuhi tukaondoka Musoma kwenda Butiama. Vilima vyote nikapanda. Ng'ombe wakavuka barabara, nikatoa mguu mapema, nikasubiri, nikanasa tena. Marwa akanipa dole gumba. Nikajiona mtaalamu.

Karibu na Butiama, Marwa akiwa mbele, nikaona mama anatoka mashineni na ndoo ya unga kichwani. Mama mkwe! Miaka kumi na moja nimemwoa binti yake, tunasalimianaga kwa mbali, kila mtu anaangalia pembeni. Ndiyo heshima yetu. Hata kula mbele yake sijawahi. Lakini kumpita bila kumwamkia? Haiwezekani. Nikafunga breki, nikasimama vizuri kabisa, nikainamisha kichwa.

Miguu yote iko kwenye pedali.

"Shika..." nilisema nikiwa juu.

"...moo mama," nilimalizia nikiwa chini.

Puu! Miguuni pake. Na kaptula ile!

Akageuka haraka, akatazama mashamba ya mihogo. "Marahaba. Baba Neema, umeumia?"

"Hapana, mama."

"Sasa mbona huamki?"

"Miguu imefungwa, mama."

"Nani amekufunga?"

"Nimejifunga mwenyewe."

Nikazidi kupapatika kama sato kwenye mtumbwi. Nikikaza, ndo inagoma. Akatua ndoo, akaja kinyumenyume, akanitupia khanga yake miguuni, akashika tairi huku uso uko kule kule mihogoni.

"Tulia kwanza," akasema. "Ukihangaika hivyo, hata kamba ya ndama haifunguki."

Nikatulia. Kisigino nje. Ta! Nikatoka.

Nilikaa pale kando ya barabara, goti linavuja damu, nimejifunga khanga ya mkwe. Goti lenyewe haliumi sana. Nikawaza, mwezi mzima kilichonitisha ni watu kuniona nikianguka. Leo kaniona yule niliyemwogopa kuliko wote, na bado napumua.

Akajitwika ndoo yake. Kisha, bado hajageuka, akasema, "Ukipita tena, uingie ndani unywe uji. Tumeshaonana."

Nimefika nyumbani, mke wangu hawezi hata kuongea kwa kicheko. Mama yake alishapiga simu. Nyie wengine nawaomba sana, msicheke. Anayecheka aje Jumamosi nimwazime hivi viatu, tuone na yeye atamwangukia nani.